Maziwa ya Jioni ya Mama Ndinda

Dukani kwangu Sultan Hamud redio hukaa juu ya friji, na ikifika saa ya matangazo ya vifo kwa Kikamba hakuna mteja anayethubutu kuniambia nipunguze sauti. Ukishafika umri fulani unayasikiliza matangazo hayo kama ulivyokuwa ukisikiliza matokeo ya mtihani. Siku hiyo nilikuwa napima sukari. Mtangazaji akataja kijiji kimoja cha Mbooni, akataja jina la marehemu, kisha akaongeza, kama wanavyoongeza ili watu wasikosee, "mama yake Ndinda." Sukari ikamwagika juu ya kaunta. Mteja akacheka akaniambia, "Mama duka, leo mkono umezeeka." Nilianza kuizoa kwa kiganja. Kuna neno nililokuwa namwekea yule mama kwa miaka thelathini, na kila Desemba nilijiambia kwamba mwaka ujao nitapanda milima nimpelekee. Miaka ijayo ilikuwa imeniishia pale kaunta.

Mwaka ninaousimulia ni mmoja tu, si mbali sana baada ya Uhuru, wakati huku kwetu kote bado kukiitwa wilaya ya Machakos. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kozi fupi ya maziwa, na kiburi cha kutosha watu wanne. Niliajiriwa kuwa mpimaji katika kituo cha maziwa cha Kikima, banda la mabati ukingoni mwa soko, na nikapewa chumba nyuma yake: kitanda cha kamba, jiko la makaa, na dirisha la mbao lisilofunga vizuri. Mimi ni mtu wa tambarare za joto. Sikuwa nimejua kwamba Ukambani kuna mahali mtu huamka akaiona pumzi yake mwenyewe. Kuanzia Juni ukungu ulikuwa ukipanda kutoka mabondeni na kukaa, na nguo nilizoanika Jumatatu nilizianua Ijumaa zikiwa bado mbichi. Nililala na soksi, sweta, na kitambaa kichwani. Leo nikiwa hapa Sultan Hamud, friji inanguruma usiku na mchana ili soda chache zipoe, huwa nawaza baridi ile yote iliyokuwa ikizagaa bure.

Kazi yangu ilianza kabla jua halijatoka. Akina mama walifika na mikebe ya alumini mgongoni, kamba ya mukwa ikiwakaza paji la uso, wakajipanga foleni wakipiga gumzo. Nilichota kidogo kutoka kila mkebe nikatia matone ya spiriti kuona kama maziwa yameanza kuchacha. Kisha nilijaza kikombe kirefu na kutumbukiza kipimio, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Kikizama kupita kiasi, maziwa yametiwa maji. Kikielea juu kupita kiasi, krimu imeenguliwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilipenda sana kujua kitu ambacho watu walionizidi umri hawakukijua. Maziwa yaliyokataliwa hayakurudishwa nyumbani. Sheria ya kamati ilisema yamwagwe mtaroni mbele ya foleni nzima, ili wengine waone. Mbwa wa Kikima waliijua saa hiyo kuliko sisi.

Shida kubwa ya mlima ule ilikuwa maziwa ya jioni. Ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya kizungu, hukamwa mara mbili, lakini lori lilikuja mara moja tu, asubuhi. Maziwa ya jioni yakilala jikoni, karibu na mafiga, kufikia alfajiri yameshachacha. Watoto walikunywa, ndama walikunywa, mengine yakagandishwa, na bado yalibaki. Kila mtu alilia juu ya jambo hilo na kamati ilikuwa ikingoja mashine ya kupozea ambayo ilikuwa njiani tangu kabla sijazaliwa, ukiwasikiliza. Mtu mmoja tu ndiye aliyeleta mikebe miwili, wa asubuhi na wa jioni, na ule wa jioni haukushindwa na spiriti hata siku moja. Huyo ndiye Mama Ndinda, mjane wa miaka kama arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, kiongozi wa akina mama kanisani.

Hakuwa na siri. Wiki yangu ya tatu alinichukua akanionyesha. Tuliteremka nyuma ya boma lake, tukapita shamba la nepia, majani ya kulishia ng'ombe, mpaka korongoni ambako maji hutoka mwambani. Hapo alikuwa amechimba birika la mawe na simenti, refu kidogo kuliko kitanda, maji yakiingia upande huu na kutoka upande ule kwenda kunywesha nepia. Mkebe ulisimama ndani, maji yakiufikia shingoni, gunia bichi limetandazwa juu. Nilitia mkono nikautoa upesi, maana vidole viliuma.

"Stima hatuna, barafu hatuna," akasema. "Lakini hii baridi nani alituwekea? Si Mungu? Sasa mtu anaamka anaambia Mungu nataka mashine, na hii anapita juu yake akienda kuteka maji."

Alikuwa anawaambia majirani hivyo hivyo, na kufikia Mei nyumba tatu zilikuwa zimeanza kuchimba mabirika yao. Alikwenda mwenyewe kuwaonyesha mahali pa kuweka mawe. Nakumbuka katibu wa kituo, Bwana Kilonzo, akisema kwenye mkutano kwamba mlima ukifuata mama huyu, lori litahitaji kubadilishwa liwe kubwa. Watu walipiga makofi. Mama Ndinda alitazama chini kwa aibu, akirekebisha kitambaa chake cheupe cha chama cha akina mama.

Sasa nifike Julai, mwezi ambao ningeuruka kama ningeweza. Tulikuwa na fimbo ya kukorogea maziwa, yenye kisahani cha matundu chini, na kozini tuliambiwa tusichote kamwe kabla ya kukoroga. Kisahani kikakatika. Fimbo ikapelekwa Machakos kuchomelewa, na huko ikakaa. Ningeweza kumimina maziwa kutoka mkebe mmoja hadi mwingine, hiyo nayo ni njia ya kuyachanganya, tulifundishwa. Lakini kulikuwa na baridi, foleni ilikuwa ndefu, dereva wa lori alikuwa akipiga honi kama mwendawazimu, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikawa nachota tu. Mama Ndinda alipofika na mkebe wa jioni kutoka birikani, nilifungua, nikapitisha kichoteo hadi katikati, nikajaza kikombe. Kipimio kikaelea juu, juu kabisa, juu kuliko nilivyowahi kukiona tangu nianze kazi.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mtu pale alilijua: Mama Ndinda alikuwa akiuza mafuta ya ng'ombe sokoni zamani, kabla ya kituo kufunguliwa. Mafuta hutoka kwenye krimu. Niliuona mnyororo wote kichwani mwangu na nikajiona hodari. Nikasema kwa sauti, ili foleni isikie, "Hii imeenguliwa."

Yeye hakupandisha sauti. "Mumbua, angalia tena."

"Kipimio hakidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nimesema angalia tena."

Sikuangalia tena. Nilimwita katibu, naye akakiona kioo kikielea, akanitazama, akamtazama mama, akaagiza maziwa yamwagwe. Aliyemwaga ni mimi. Yalitoka meupe mazito, na mwishoni kabisa kikaanguka kitu cha rangi ya manjano kama ukoko, kikateleza mtaroni pamoja na mengine. Nilikiona. Nimekiona tena mara nyingi tangu siku hiyo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na ya maziwa hawakuyasema, labda kwa sababu hayo mbwa huyazoa. Mama Ndinda aliuinua mkebe wake mtupu, akaufunga kwa mukwa, akaondoka bila kugeuka.

Kama yangeishia kituoni ningesema ni mkosi wa kazi. Lakini milimani kituo na kanisa ni watu wale wale, wamebadilisha viti tu. Jumapili ya pili wazee wa kanisa walimwita. Utaratibu wa kanisa letu ni mwepesi: aliyekosa hutengwa, hukaa benchi la nyuma, hagusi meza ya Bwana, na kitambaa cheupe hukivua. Siku akisimama mbele ya watu na kusema "nilikosa," wanampigia makofi, wanamwimbia, na wiki inayofuata yuko mbele. Wengi walifanya hivyo, kwa pombe, kwa uzinzi, kwa mambo makubwa. Mama Ndinda aliambiwa aseme neno hilo moja. Akakataa. Nilikuwa kanisani siku alipohamia benchi la nyuma, karibu na mlango unaopitisha baridi, na binti yake Ndinda, wakati huo ana miaka kumi, akakaa naye ingawa watoto walikuwa na mahali pao. Nyumba zile tatu ziliacha kuchimba. Nilisikia mama mmoja kwenye foleni akimwambia mwenzake, "Mimi sitaki birika. Mtu akiwa na maziwa imelala nje ya nyumba, shetani anamwambia toa kidogo." Basi maziwa ya jioni ya mlima mzima yakarudi kwa ndama.

Ukweli ulinijia Jumapili moja ya Agosti, sikuutafuta. Nilikuwa nimenunua maziwa jioni, nikayaweka kwenye sufuria, sufuria kwenye beseni la maji nje ya dirisha, yasichache. Asubuhi nilikuwa na homa ya mafua na sikwenda kanisani. Niliwasha jiko, nikaichukua sufuria, nikaona tabaka nene la manjano juu. Kipimio kilikuwa mezani, nilikuwa nimekiosha. Kwa mchezo tu, nikachota chini ya lile tabaka nikakitumbukiza. Kikaelea juu kabisa, pale pale kilipoelea kwa Mama Ndinda. Nikakaa kitandani. Halafu nikayakoroga maziwa yote, nikayaweka kando ya jiko mpaka baridi ikatoka, nikapima tena. Kikazama kwenye mstari wa maziwa safi. Hakuna mtu aliyekuwa ameyagusa maziwa yale isipokuwa mimi. Baridi ilikuwa imepandisha krimu yote juu, na baridi hiyo hiyo huyafanya maziwa yawe mazito kidogo kwenye kipimio. Hata hilo la pili tulifundishwa, liko kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimelipigia mstari. Mama wa watu alikuwa ameleta maziwa mazuri kuliko yote mlimani, na uzuri wake ndio niliouita wizi.

Jumatatu nilimweleza Katibu Kilonzo. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi.

"Mumbua, wewe umemwaga maziwa ya watu wangapi tangu uje?"

"Kadhaa."

"Na ukisema huyu ulikosea, hao wengine watasema nini? Kesho hapa hakuna kituo. Halafu ile barua yako ya kwenda kozi kubwa, si iko kwa meza yangu inangoja sahihi? Sasa mimi nitaandika nini? Eti mpimaji hodari sana, lakini hakorogi?" Akaisogeza barua kando. "Yule mama akisema neno moja tu kanisani mambo imeisha. Si ni yeye amejifunga?"

Nilitoka nikijiambia kwamba amenikataza. Hakuwa amenikataza. Alikuwa amenipa sababu, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Bado dhamiri ilinisumbua, maana Jumamosi moja ya Septemba, alasiri, nilikwenda kwake. Nilikuwa nimelipanga neno njiani, nimelirudia kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Alikuwa jikoni. Akaniambia "Wakya," kama anavyosalimiwa mtoto, nikajibu "Aa," nikapewa kigoda. Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi, ila upande mmoja kulikuwa na kalenda ya zamani, na kando yake, kwenye msumari, kile kitambaa cheupe. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Nilijua kwamba anakifua kila wiki. Alinipakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na majani ya kunde, akamimina chai ya maziwa, akakaa chini na sahani yake. Njiani, nje ya ua, walipita wanawake wawili wakiongea, na tulisikia wazi mmoja akisema, "Hapa ndio kwa ule wa kuengua."

Nilirudisha kijiko sahanini. Yeye alitafuna akamaliza.

"Wacha waongee. Mdomo si mlango eti utafunga."

"Mwaitu," nikasema, kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kikamba, "kwani ukisema tu hilo neno..." Hata leo nashangaa nililolitoa mdomoni. Nilikwenda kuungama, nikaishia kumshauri atubu.

Akaweka sahani chini. "Mchungaji pia ananiambia hivyo. Sema nilikosa, ni neno moja. Lakini Mumbua, nikisema nimeiba na sijaiba, si hapo ndio nitakuwa nimedanganya Mungu sasa? Mbele ya kanisa mzima?" Halafu akanitazama, macho yake yamekaa juu yangu muda mrefu, bila hasira. "Wewe uko na neno?"

Moto ulikuwa ukilia taratibu. Nje ndama alikuwa akiita. Neno lilikuwa mdomoni, nililionja.

"Hapana, mwaitu. Nimekuja kusalimia tu."

"Haya," akasema. "Kula basi, chakula inapoa."

Nikala. Nilikula mpaka nikamaliza, nikanywa chai yake, nikamshukuru. Novemba barua yangu ilitiwa sahihi, na Desemba niliteremka mlima na sanduku langu. Kozi kubwa nilikwenda, kazi nilifanya miaka mingi, nikapima maziwa ya nusu ya nchi, na hakuna mkebe niliochota tena bila kukoroga. Watu walinisifu kwa hilo. Mashine ya kupozea ilifika Kikima hatimaye, nikasikia, ikafanya kazi mpaka dizeli ilipokosekana, na sasa kuku hutagia ndani yake.

Kwa hiyo, baada ya tangazo lile la redio, nilipanda tena milima, mara hii nikiwa bibi mwenye miwani na goti bovu. Hawakumpeleka kanisani. Walimwekea turubai nyumbani, na mzee mmoja wa kanisa akatumwa kuomba, kwa sababu mchungaji alikuwa na shughuli. Akina mama wa chama walikuja, wengi, lakini bila vitambaa vyeupe, wakakaa kama wageni wengine. Miaka thelathini alikaa benchi la nyuma, hakukosa Jumapili, hakusema lile neno. Wakati wa marafiki kuzungumza niliinua mkono. Nikasimama mbele ya jeneza na kusema yote, fimbo iliyokatika, krimu, sufuria ya dirishani, barua yangu. Nilisema kwa Kikamba ili asibaki mtu asiyeelewa. Nilisema, "Nilikosa." Nililia bila kuficha. Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee wa kanisa alisimama, akakohoa. "Tumesikia dada yetu, na tunashukuru kwa ushuhuda. Lakini kanisa iko na utaratibu yake. Mwenye alitengwa ndiye anatubu mwenyewe, hakuna mtu wa kumtubia. Na huyu mama hakutubu. Sasa sisi tutafanya aje? Tumwachie Mungu. Tuendelee na programu." Nao wakaendelea na programu. Walimzika saa nane, ukungu ukiwa umeshaanza kupanda.

Baadaye Ndinda, sasa mwanamke wa makamo mwenye urefu wa mama yake, alinifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu kando ya nepia. Nilidhani amekuja kunifukuza. Alikuwa ameshika kichoteo na birika la chai. "Wageni wanataka chai na maziwa imeisha jikoni. Twende unisaidie kubeba." Tukateremka korongoni polepole kwa ajili ya goti langu. Birika la mawe lilikuwa pale pale, limeota kuvu ubavuni, maji yakiingia na kutoka, na ndani yake mkebe umesimama hadi shingoni chini ya gunia bichi.

"Hakuacha?" nikauliza.

"Kila jioni, na sasa ni mimi naweka. Kituo hakupeleka tena hata siku moja. Alikuwa anagawia wenye watoto."

"Ndinda, yeye alijua?"

"Alijua tangu ile siku ulikuja ukakula hapa. Alituambia umekuja na neno na umerudi nalo." Aliinama akaliondoa gunia. "Mimi nilitaka kuja kukutafuta, nikiwa msichana mkubwa. Akanikataza. Alisema hiyo neno si yetu, ni ya Mumbua, ataleta mwenyewe. Kila gari ikipanda Desemba alikuwa anauliza ni nani ameshuka."

Wa kuambiwa alikuwa chini ya udongo mbichi, kule bomani juu yetu. Ndinda alifungua mfuniko. Krimu ilikuwa imekaa juu, nene, ya manjano, haina hata alama ya kidole. Alinipa kichoteo. Nikakishusha, na kabla hakijagusa maziwa alinishika kifundo cha mkono, kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asiungue.

"Koroga kwanza," akasema.

Nikakoroga.